Shimo Refu Peke Yake Halizalishi Umeme

Swali limerudi mezani kwangu, na safari hii limekuja na michoro ya rangi. Mzee mmoja mwenye hoteli Dodoma ameuziwa andiko la mradi: kisima kimoja cha kilomita tatu nyuma ya hoteli, bomba lililozibwa chini, maji yanashuka yakiwa baridi na kupanda yakiwa moto, megawati mbili za umeme usiku na mchana. Aliyeandika anajiita mshauri wa jotoardhi. Mzee ameniuliza kwa upole: "Mwanangu, kama chini ni moto kila mahali, kwa nini sisi tusichimbe tu?"

Nimeulizwa hivyo na madiwani, na wanafunzi, hata na wahandisi wa umeme ambao wangepaswa kushtuka wenyewe. Maneno hubadilika, msingi haubadiliki: chini ni moto, basi anayechimba kwa kina cha kutosha ataupata, na akishaupata ana umeme. Imani hii inagharimu watu fedha. Andiko la mzee lina makosa mawili. La kwanza ni la hesabu ya joto, nalo ni kubwa. La pili ni la kutoujua mwamba, na hilo ni kubwa zaidi, maana hata kama joto lote lililoahidiwa lingekuwepo, mradi ungekufa vilevile.

Tuanze na joto. Mshauri alitumbukiza kipima joto kwenye kisima cha maji cha hoteli siku kilipochimbwa. Karibu na juu alipata nyuzi 29, mita 100 chini akapata 33. Akachukua tofauti ya nyuzi 4, akaizidisha kwa thelathini, akaandika kwamba kwenye kilomita tatu kuna nyuzi 149. Hapo ndipo sayansi ya andiko zima ilipoanzia na ilipoishia.

Kipimo cha siku ya kuchimba hupima kazi ya mashine. Kompresa inasukuma hewa, nyundo inagonga mwamba, maji ya tabaka moja yanamwagikia tabaka jingine; joto la ndani ya shimo linavurugika lote. Watafiti huliacha shimo litulie kwa wiki kadhaa, na kwa visima virefu miezi, ndipo warudi na kipimo kile kile zaidi ya mara moja mpaka namba ziache kubadilika. Tena mita 100 ni kina kidogo mno. Huko bado kuna maji ya ardhini yanayotembea na kubeba joto huku na huku. Kuna maeneo ambako joto hupanda haraka kwa mita mia chache za kwanza, kwa sababu tu maji ya moto yanapita kando ya ufa, na ukishauvuka ufa ule joto linashuka tena. Anayezidisha namba za juu kwa thelathini hajapima kilomita tatu. Amekisia.

Na Dodoma ni mahali pabaya pa kukisia hivyo. Mji umekaa juu ya moyo wa zamani wa bara hili, granaiti na gneisi zenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Chini ya mwamba huo kuna msingi mnene na uliopoa. Joto linalopanda kupitia eneo hilo ni zaidi kidogo ya miliwati 30 kwa kila mita ya mraba, kama nusu ya wastani wa mabara. Kwa mwamba wa aina hiyo joto huongezeka kwa nyuzi 10 hadi 15 hivi kwa kila kilomita. Basi kwenye kilomita tatu mzee angekuta nyuzi 55 hadi 70. Atakayebisha aangalie mgodi wa dhahabu wa Mponeng, Afrika Kusini, uliochimbwa kwenye mwamba wa kale wa namna hiyo hadi karibu kilomita nne. Ukuta wa mwamba kule chini una nyuzi sitini na kitu, na wachimbaji hufanya kazi humo kwa kupozwa hewa kwa barafu inayotengenezwa juu. Ni joto la kumtesa binadamu. La kuendesha mtambo wa umeme halijafika.

Kupata nyuzi 150 chini ya Dodoma kungehitaji kilomita kama kumi. Hapa ndipo watu huniambia, "Lakini Warusi walifika!" Ndiyo, walifika, na ningependa kisa chao kisimuliwe kilivyo. Kwenye rasi ya Kola, kaskazini-magharibi kabisa mwa Urusi, kazi ilianza mwaka 1970, na mwaka 1989 shimo likafika mita 12,262. Lilikuwa na upana wa sentimita 23 hivi. Walitarajia nyuzi 100 kule chini, wakakuta 180, na kwa joto hilo mwamba ukaanza kulainika na kulibana shimo kila walipojaribu kuendelea. Ni karibu miaka ishirini ya kazi ya dola kubwa, na halikutoka tone la maji ya kuzungusha mtambo. Halikuchimbwa kwa ajili hiyo. Lilikuwa shimo la kuisoma ardhi, na kwa hilo lilifanikiwa sana: lilionyesha kwamba hata kilomita kadhaa chini, mahali ambapo vitabu vilisema pamekauka, kuna maji yenye chumvi ndani ya nyufa.

Na kwa kuwa nimelitaja, nilimalize. Ile sauti ya "vilio vya kuzimu" inayotumwa kwenye makundi ya simu kila mwaka haikurekodiwa Kola wala popote chini ya ardhi. Hadithi hiyo ilienezwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na vituo vya mahubiri vya Marekani. Inasema shimo liko Siberia, lina kilomita 14 na joto la nyuzi 1,100. Kola haiko Siberia, shimo halikufika kilomita 14, na hakuna kipaza sauti cha kawaida kinachostahimili nyuzi 1,100. Naomba tusiendelee kuitumia kama ushahidi wa jotoardhi, maana nimeletewa kwenye mkutano wa watu wazima.

Sasa kosa la pili, ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Tuuangalie mwamba wenyewe. Katika ghala la sampuli, viini vya mwamba hulazwa kwenye masanduku marefu yenye vijia, kina cha kila kipande kikiwa kimeandikwa kwa wino usiofutika. Chukua kipande cha granaiti chenye unene wa kifundo cha mkono. Ni kizito kuliko ulivyodhani. Biti ya almasi imekilainisha ubavuni kiasi kwamba unaziona chembe zote zilivyoshikana: feldispa za rangi ya waridi, kwatzi ya kijivu, vibamba vyeusi vya ulanga vinavyometameta ukikigeuza. Hakuna nafasi kati ya chembe na chembe. Dondoshea tone la maji, litakaa hapo juu mpaka likaushwe na hewa, kwa sababu halina pa kuingilia. Halafu chukua kipande kilichotoka mita chache chini yake, chenye ufa. Kuta za ufa zina utando wa kijani, na katikati umepita mshipa mweupe wa kalsaiti wenye unene wa kucha. Zamani hapo palipita maji ya moto. Yalipita muda mrefu, yakaacha madini yake ukutani, na mwishowe yakaiziba njia yake yenyewe.

Hiyo ndiyo hali ya mwamba wa kristalini: hazina kubwa ya joto isiyo na mlango. Kilomita moja ya ujazo ya granaiti ikipoa kwa nyuzi moja tu hutoa joto la takriban gigawati-saa 600. Namba hiyo ni ya kweli, na wauza miradi huipenda. Wasichokisema ni jinsi granaiti inavyoliachia joto polepole. Poza ukuta wa granaiti leo, na baada ya mwaka mzima ubaridi utakuwa umeingia ndani mita tano au sita. Kwa hiyo mwenye kutaka joto jingi kwa haraka hana budi kugusa eneo kubwa la mwamba, na shimo haligusi eneo kubwa. Kisima cha kilomita tatu chenye upana wa sentimita 20 kina ukuta usiofika mita za mraba 1,900, kama robo ya uwanja wa mpira. Kina cha kilomita tatu kinasikika kikubwa masikioni. Kwa mwamba ni kama kuchomwa sindano.

Tufanye hesabu ya bomba lililozibwa, na tuwe wakarimu. Tuchukue shimo la kilomita tano mahali penye joto zuri kuliko Dodoma. Miezi ya kwanza litatoa joto la kufurahisha, kwa sababu mwamba ulio karibu bado haujapoa. Ukishapoa, shimo la namna hiyo hutulia kwenye wati 100 hivi kwa kila mita, yaani nusu megawati ya joto kwa kilomita zote tano. Umeme unaopatikana kutokana na joto la chini namna hiyo ni kama sehemu moja ya kumi. Zinabaki kilowati 50, na pampu bado haijala mgao wake. Jenereta ya hoteli ya kawaida inazidi hapo. Hayo ni kwa shimo la mamilioni ya dola mahali pazuri. Kwa shimo la mzee, kilomita tatu ndani ya mwamba wa nyuzi 60, umeme ni sifuri.

Kuna mfano hai. Weggis, Uswisi, kuna kisima cha aina hiyo cha mita 2,302, chini yake nyuzi 73, ambacho tangu miaka ya 1990 kimetumika kupasha joto nyumba za makazi. Kwenye nchi ya theluji ni kazi ya maana. Hakuna aliyekitarajia kiwashe taa za mji.

Washauri nao hunijibu kwa Chena, Alaska, ambako tangu 2006 umeme umezalishwa kwa maji ya nyuzi 74 tu. Ni kweli. Lakini kwanza, Chena ni chemchemi: maji yanakuja kwa wingi yenyewe kupitia nyufa za asili. Pili, mtambo ule unapozwa kwa maji ya karibu nyuzi 4. Mtambo wa joto hauishi kwa joto peke yake, unaishi kwa tofauti kati ya joto na baridi. Dodoma utaupozea wapi, kwa hewa ya nyuzi 30 mchana?

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu yeyote anayekuuzia jotoardhi la mwamba mkavu ni moja: lita ngapi kwa sekunde? Kupata megawati mbili za umeme kwa maji ya nyuzi 160 kunahitaji lita 40 hadi 50 kila sekunde, saa zote, kwa miaka. Linganisha na kilichopatikana Windischeschenbach, Ujerumani, ambako serikali ilichimba kwa ajili ya utafiti shimo la mita 9,101 lililofika nyuzi 265. Kando yake kuna shimo la majaribio la mita 4,000. Mwaka 2002 na 2003 walilipampu hilo dogo mwaka mzima, na lilikuwa limekata eneo lenye nyufa nzuri kwa kiwango cha granaiti na gneisi. Yalitoka zaidi ya mita za ujazo 22,000 za maji ya chumvi. Gawanya kwa sekunde za mwaka, unapata lita 0.7. Hayo ni maji ya kisima cha kijiji. Kwa mtafiti lilikuwa tukio kubwa, kwa sababu lilithibitisha kwamba nyufa za kina kirefu zimeungana na maji yanatembea humo. Kwa mfanyabiashara ni mtaji uliopotea.

Watafiti wamekuwa wakipambana na hilo kwa nusu karne, na historia yao inatosha kumpa adabu yeyote anayeahidi matokeo ya haraka. Fenton Hill, New Mexico, miaka ya 1970, ndiko wazo lilikoanza: chimba visima viwili, sukuma maji kwa nguvu kufungua nyufa katikati yake, zungusha maji. Kwenye awamu ya pili walisukuma maji mengi, nyufa zikafunguka, na visima viwili havikuonana. Nyufa zilikwenda zilikotaka. Ikabidi kisima kimoja kichimbwe upya kuelekea mahali ambako vipima mitetemo vilisikia mwamba ukipasuka. Somo hilo ndilo linaongoza kazi yote leo. Ardhi ina mkazo wake, unaobana zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na ufa hufuata mkazo huo bila kujali mchoro wa mhandisi. Ndiyo maana utafiti mzuri hutumia shimo la kwanza kusoma tu: kamera za sauti zinazochora kuta za shimo, namna kuta zinavyomeguka upande mmoja, majaribio ya kubana maji kipande kwa kipande. Hapo ndipo unajua kisima cha pili kielekee wapi.

Soultz-sous-Forêts, Ufaransa, walianza mwaka 1987. Walichimba granaiti hadi kilomita tano, wakakuta nyuzi 200, na wakafaulu kwa kuacha kupigana na mwamba: walitafuta mipasuko ya asili na kuisafisha. Kituo cha megawati 1.7 kilianza kazi ya kibiashara mwaka 2016. Hesabu mwenyewe miaka iliyopita katikati.

Otaniemi, karibu na Helsinki, ndiko kunakofanana zaidi na Dodoma, mwamba wa kale na uliopoa. Walichimba zaidi ya kilomita sita, wakapata nyuzi 120 hivi. Lengo lilikuwa joto la kupasha nyumba, wala si umeme. Mwaka 2018 walisukuma mita za ujazo 18,000 za maji, wakidhibiti mitetemo kwa umahiri mkubwa chini ya kikomo cha ukubwa wa 2.1 walichopewa. Kazi ya kihandisi ilikuwa ya mfano. Lakini maji hayakupita ya kutosha, na biashara ile ikaachwa.

Mitetemo yenyewe si jambo dogo. Basel, Desemba 2006, maji yaliyosukumwa kilomita tano chini ya mji yalileta tetemeko la 3.4, na mradi ukafungwa. Pohang, Korea Kusini, Novemba 2017, tetemeko la takriban 5.5 lilibomoa majengo na kujeruhi watu, na tume ya serikali ikahitimisha mwaka 2019 kwamba lilichochewa na visima vya jotoardhi vilivyokuwa karibu na ufa ambao haukuwa umejulikana. Mtu akikuambia kazi hii haina hatari yoyote, mwombe aondoke.

Matumaini yapo, na siyafichi. Kituo cha utafiti cha FORGE, Utah, kimechimba granaiti ya zaidi ya nyuzi 200 kwa visima vilivyolazwa mshazari, kimoja juu ya kingine, na mwaka 2024 wakazungusha maji kati yao kwa takriban siku 30. Biti za almasi bandia zimeongeza kasi ya kuchimba granaiti mara kadhaa. Nafuatilia kazi yao kwa hamu. Lakini angalia walichagua wapi: mahali ambapo joto hilo linapatikana kwenye kilomita mbili na nusu hivi.

Na tafadhali msiniletee Olkaria kama ushahidi wa kuchimba popote. Kenya ilianza na mtambo wa megawati 15 mwaka 1981, na leo jotoardhi linatoa zaidi ya theluthi moja ya umeme wake. Imefika hapo kwa kuchimba kwenye volkano changa za Bonde la Ufa, ambako mwamba umepasuka wenyewe na mvuke uko tayari. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Basi mwenye nia afanye nini? Anayetaka umeme wa jotoardhi Tanzania aelekeze macho na fedha kusini-magharibi, Ngozi, Kiejo-Mbaka na Songwe, na aisukume serikali imalize visima huko kabla ya kuota granaiti. Mwenye chemchemi ya maji moto kijijini apime joto, apime lita kwa sekunde, apeleke chupa maabara. Namba hizo tatu zina thamani kuliko andiko lolote. Mwenye maji ya nyuzi 60 aachane na umeme, akaushe mazao, achemshe maziwa, apashe vitalu, kama walivyofanya Kenya huko Menengai, na kama shamba la maua la Oserian pale Naivasha. Mwenye hoteli Dodoma aweke paneli za jua juu ya paa, wiki hii. Na yeyote aliyepewa andiko la kisima kirefu adai vitu vitatu kabla ya kutia saini: vipimo vya joto vilivyorudiwa shimo likiwa limetulia, makisio ya lita kwa sekunde na yalikotoka, na jina la kisima kinachofanya kazi kwa namna hiyo hiyo kwenye mwamba wa umri huo huo. Cha tatu hakitapatikana.

Bado nina ombi kwa kampuni za uchimbaji madini na kwa wanaozisimamia. Kila mwaka mashimo ya utafutaji wa dhahabu na nikeli huchimbwa ndani ya mwamba huu, mengine mita mia kadhaa, kisha huzibwa kwa saruji mara tu sampuli zikitolewa. Vipimo vichache tulivyonavyo vya joto la nchi hii vilitokana kwa sehemu kubwa na mashimo ya namna hiyo, pale mtu alipokubali kusubiri. Kabla hamjaziba, acheni shimo moja kati ya mengi litulie, mtuite, tuteremshe kipima joto. Kazi yenyewe ni ya siku moja, na gharama yake haifiki hata ya mita chache za kuchimba.